Kikapu cha Unga Hakioshwi kwa Sabuni

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji,

Katika mitaa iliyo karibu na Bandari ya Mtwara, kabla jua halijachomoza, harufu ya kwanza kumfikia mtu si ya bahari, ni ya mikate. Wakati wa msimu wa korosho, malori yanapopanga foleni na makuli wanapokwenda kuanza zamu, kila mmoja hutafuta kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate au maandazi mawili. Hicho ndicho chakula kitakachomfikisha adhuhuri. Mkate ukiwa mbaya siku hiyo, siku yenyewe huanza vibaya.

Juma lililopita nilikwenda kununua mkate wangu kwa mama mmoja jirani, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, ameshika tama. Mbele yake palikuwa na vikapu 18 vya ukindu, vile vidogo vya mviringo ambavyo yeye huwekea madonge ya unga yaumuke kabla ya kuingia tanurini. Vilikuwa na madoadoa ya kijani na meusi kama ngozi ya kenge. Nyuma ya mlango alisimama binti anayemsaidia kazi, analia kimya kimya.

Nikauliza kulikoni. Mama akanieleza kwa hasira. Siku ya Jumamosi binti yule aliona vikapu vimeganda unga wa zamani kwenye mikunjo ya ukili, akadhani ni uchafu. Kwa nia njema kabisa akachukua beseni la maji na sabuni ya unga, akavilowesha usiku kucha, akavisugua mpaka vikang'aa. Jumapili mvua ikanyesha kutwa. Akavipanga kimoja ndani ya kingine, akavifunika kwa karatasi ya nailoni ili visinyeshewe, akaviacha stoo. Jumatatu mikate ikanuka sabuni, na wateja wakairudisha wakiwa wameikata meno mara moja tu. Ilipofika Alhamisi, vikapu vyenyewe vilikuwa vimeota ukungu.

"Huyu kesho anapanda basi arudi kwao," akasema mama. "Vikapu nachoma moto, nanunua mabeseni ya plastiki. Nimechoka."

Kwao binti yule ni katika vijiji vya bonde la Ruvuma, na fedha anazopata hapo mjini ndizo zinazomlipia mdogo wake madaftari. Nikamwomba mama asubiri angalau mpaka aje yule mzee anayemsukia vikapu, ambaye siku hiyo alikuwa analeta mzigo sokoni. Akakubali shingo upande.

Ndugu msikilizaji, kabla sijakueleza mzee alisema nini, hebu tukitazame chombo chenyewe, maana wengi wetu tunakitumia bila kukijua.

Nyumba nyingi za pwani, mama akishakata maandazi, huyapanga juu ya ungo au sinia lililonyunyizwa unga, akayafunika kwa kitambaa au kawa, akayaacha yaumuke. Anayechagua ungo badala ya sinia ana sababu, hata kama hawezi kukueleza. Unga uliokandwa kwa maji na hamira hutoa unyevu. Ukiuweka juu ya bati au plastiki, unyevu huo hauna pa kwenda, hukaa chini ya donge na kulifanya ligande. Ukiuweka juu ya ukindu au mwanzi, chombo hunywa unyevu kidogo, upande wa nje wa donge ukakauka kiasi, likashika umbo lake na kuondoka bila kunata. Wafaransa na Wajerumani nao huumulia mikate yao katika vikapu vya namna hiyohiyo, ila vya kwao aghalabu ni vya henzirani kutoka misitu ya Asia. Sisi tunao ukindu, milala na mianzi mlangoni mwetu.

Basi, kitu kinachokunywa unyevu wa unga hakichagui kinywaji. Ukikitia katika maji ya sabuni, kinakunywa sabuni. Na kesho yake donge likikaa humo, kikapu kinairudisha sabuni ile ndani ya mkate.

Mzee alipofika, yule binti alipiga goti kidogo akamwamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu?"

Alipoelezwa, hakucheka wala hakukaripia. Alichukua kikapu kimoja kimoja, akakipinda, akakinusa, akakigonga kwenye goti. Vingine akaviweka kulia, vingine kushoto. Wakati anafanya hivyo alikuwa anazungumza, nami nikatoa kalamu. Nitakupa maneno yake, nikiyaongezea yale ambayo wataalamu wa mikate na wa hifadhi ya vyakula wanayakubali.

Kwanza, kikapu cha kuumulia unga kisafishwe kikavu. Ukimaliza kazi, usikifunike wala usikitie ndani ya kingine. Kiache kwenye upepo mpaka unga uliobakia ukauke kabisa. Kisha kigeuze, kigonge mgongoni kwa kiganja, na usugue mikunjo kwa burashi kavu ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote. Unga mkavu hutoka wenyewe. Unga mbichi ukisuguliwa huzama zaidi katikati ya ukili. Kazi hii haichukui dakika mbili kwa kikapu, lakini ifanywe kila siku. Ikiachwa juma zima, unga uliobaki huwa gome, na gome hilo ndilo nyumba ya fukusi na ukungu.

Pili, kikapu kipya kifundishwe kazi. Kinyunyizie maji kidogo sana, kama umande, kisha kipake unga kote kwa mkono, kikung'ute, kikauke. Fanya hivyo mara mbili tatu kabla ya kutia donge la kwanza. Na unga wenyewe uwe wa mchele. Unga wa ngano ukikutana na unyevu hugeuka gundi, ndiyo maana mkate unashikana. Unga wa mchele hauna gundi hiyo. Mji wa watu wanaopika vitumbua hauwezi kukosa unga wa mchele.

Tatu, kama ni lazima maji yatumike, kwa mfano donge limemwagika na kupenya, basi yawe maji baridi yasiyo na sabuni, yapite haraka, kikapu kisiloweshwe. Kikungutwe, kisha kikaushwe siku hiyohiyo. Anayekosa jua mvua inaponyesha asubiri tanuri lipoe mpaka mkono uweze kuvumilia, akiweke humo mlango ukiwa wazi. Kikapu kilicholoweshwa muda mrefu huvimba, na kikikauka nyuzi zake hupasuka.

Nne, na hili wakazi wa ufukweni tulisikie, maji ya bahari si ya kuoshea vikapu vya chakula. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kikapu kilichooshwa baharini utakianika jua la mchana kikakauka, ikifika usiku kimelowa tena. Hakitakauka moja kwa moja mpaka kisuuzwe kwa maji baridi.

Tano, jua ni dawa, lakini dawa ina kipimo. Saa mbili tatu za jua la asubuhi zinatosha. Kikapu kinachoachwa juani siku nzima, juma zima, ukindu wake hukakamaa na kuvunjika. Upepo ni bora kuliko jua kali. Wakati wa kusi, hewa ya huku kwetu ikiwa kavu, kazi ni rahisi. Shida ni kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa nne, kipindi cha mvua, hewa inapokuwa nzito na hata chumvi mezani inalowa. Hapo kikapu kisiwekwe stoo. Kining'inizwe juu, mahali panapopita hewa. Bibi zetu walitundika nyungo juu ya jiko, na haikuwa kwa kukosa nafasi. Joto na moshi vilifukuza unyevu na wadudu.

Sita, vikapu vya rangi ni vya sokoni na vya mapambo. Ukindu uliotiwa rangi ya dukani hutoa rangi ukikutana na unyevu. Vivyo hivyo kikapu kilichopakwa vanishi. Donge la mkate liwekwe katika kikapu cha rangi yake ya asili tu.

Mzee aliongeza jambo ambalo lilimfanya mama ainue uso. Alisema, "Mwanangu, kila kikapu kina sheria yake. Huyu mtoto umemfundisha kuosha kifumbu?"

"Nimemfundisha. Kila akimaliza kukamua nazi akioshe kwa maji ya moto, asiache hata chembe ya chicha."

"Basi ndiyo hivyo. Umemfundisha kwamba cha kusukwa kikitumika kinaoshwa. Yeye kafuata somo lako."

Ni kweli, ndugu msikilizaji. Kifumbu cha tui kisipooshwa kila mara, mafuta ya nazi huchacha na kuharibu mboga ya kesho. Kikapu cha unga kikioshwa kila mara, huoza. Kawa hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na kuanikwa. Ungo wa kupepetea hukung'utwa na kufagiwa. Pakacha hutumika na kutupwa. Vyombo hivi vyote vimetokana na majani, na mgeni wa jikoni anaweza kuviona kuwa ni kitu kimoja. Tofauti zake ziko katika vichwa vya waliozoea, na waliozoea hudhani kila mtu amezaliwa nazo.

Sasa, je, ukungu una hatari gani? Hapa napenda niseme kwa tahadhari, kwa sababu si vizuri kumtisha mtu wala kumlaza usingizi.

Bandari yetu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwemo, na bandari ya kina kirefu ikahitajika kuzisafirisha. Mpango huo ulishindwa na kuachwa mwaka 1951. Bandari ikakamilika mwaka 1954, karanga zilizotarajiwa hazipo. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 wakafa kwa ugonjwa usiojulikana. Wachunguzi waligundua kuwa chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota kuvu. Hivyo ndivyo dunia ilivyoitambua sumu ambayo sisi leo tunaiita sumukuvu.

Sumu hiyo haikuishia kwa batamzinga. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, na huko pia watu walipoteza maisha. Ubaya wa sumukuvu ni kwamba moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Unga ukiwa na sumu hiyo, ugali na mkate vitakuwa nayo.

Sisemi kwamba kikapu chenye doa la ukungu kitaleta maafa kama hayo. Kuvu inayoota kwenye ukindu uliolowa si lazima iwe ile ya mahindi na karanga, na mara nyingi hasara yake ni harufu mbaya, mkate usiokaa siku mbili, na kikohozi kwa mwenye kifua. Ninachosema ni kwamba tabia ni moja. Mtu anayezoea kuona ukungu jikoni na kuupangusa kwa ncha ya kanga, siku moja atauona kwenye gunia la karanga na kuupangusa vilevile. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kuna ugonjwa mwingine wa mkate ambao waokaji wa nchi za joto wanapaswa kuujua. Mkate hutoka tanurini mzuri, lakini baada ya siku moja au mbili ukiumega, ndani unavuta nyuzi kama bamia, na unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Si ukungu huo. Ni bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto wa tanuri, na hupenda joto na unyevu kama wa kwetu. Ukiutokea mkate wa namna hiyo, usiwape wateja. Panguse meza, visu na mbao kwa siki, vitambaa vichemshwe, na mkate ukitoka motoni uachwe upoe kwenye hewa. Wengi wetu tuna haraka ya kuufunika ukiwa bado unatoa mvuke. Mvuke huo hugeuka maji, na maji hayo ndiyo mwanzo wa matatizo yote niliyokwisha kuyataja. Vitambaa vya kufunikia unga navyo visifuliwe kwa sabuni yenye manukato. Maji ya moto na jua vinatosha.

Wadudu nao wasisahauliwe. Fukusi tunamjua. Dumuzi ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mkoa wa Tabora, na yeye hatoboi mahindi tu, anaweza kutoboa hata mbao na vyombo vya kusukwa. Ukiona unga laini chini ya kikapu ambacho hukutumia, na vitundu kama vya sindano, usikinyunyizie dawa ya wadudu, maana chakula kitaingia humo. Kikaushe vizuri, kifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, umwombe mwenye friza ya samaki akuhifadhie kwa muda wa juma moja au mawili. Baridi kali huua wadudu na mayai yao. Kisha kitoe, kianike, kifagie.

Tuje kwenye plastiki. Mama yule si wa kwanza kufikiria mabeseni. Ni mepesi, yanaoshwa kwa sabuni bila shida, na hayaoti ukungu haraka. Mwenye kuyatumia simlaumu. Lakini aelewe kwamba atahitaji unga mwingi zaidi wa kunyunyiza au mafuta, na umbo la mkate halitakuwa lile. Aelewe pia kwamba nyuma ya kikapu cha ukindu kuna mkono wa mtu. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tulikumbuka ghafla kwamba tunao wasusi wa vikapu. Wengi wao walikuwa wamezeeka, na vijana hawakuwa wamekaa karibu yao kujifunza. Kikapu kinachotunzwa hudumu miaka. Kikapu kinachodumu humfanya mnunuzi arudi kwa msusi kwa imani.

Basi mzee alimaliza kupanga. Kushoto viliwekwa vikapu saba. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya nyuzi, ukikipinda kinatoa harufu ya udongo wa shimoni. "Hivi ni vya kuwashia moto," akasema, "msivionee huruma." Kulia vilibaki kumi na moja ambavyo ukungu ulikuwa juu juu tu. Hivyo alimwonyesha binti namna ya kuvipeleka uani, mbali na chakula, avipige burashi akiwa amejifunga kitambaa puani. Kisha avipitishe haraka katika maji safi ili kutoa sabuni iliyobaki, avikaushe kwa upepo, avinyunyizie unga wa mchele na kuukung'uta, siku tatu mfululizo. Baada ya hapo, kwa juma zima, visitumike bila kutandikwa kitambaa safi ndani. "Pua yako ndiyo itakayokuambia lini utoe kitambaa," akamwambia.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa anahesabu, nadhani, bei ya vikapu saba, bei ya mikate iliyorudishwa, na wateja ambao huenda wamehamia kwa mwokaji wa mtaa wa pili. Si hasara ndogo kwa mtu anayenunua ngano kwa mkopo wa kikundi. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nilete habari hii kwenu leo.

"Nilimfundisha kukanda. Nilimfundisha kukata na kupima. Nilimfundisha mpaka kusikia mkate umeiva kwa kuugonga chini. Kikapu sikumfundisha. Nilidhani kikapu kinajulikana."

Hakuna aliyepanda basi siku ya pili. Nilipopita jana alfajiri, binti alikuwa uani na burashi yake, vikapu vimetundikwa kwenye kamba kimoja kimoja, havigusani. Mikate ilikuwa michache kuliko kawaida, kwa sababu vikapu vimepungua, lakini haikunuka sabuni. Kuli mmoja aliumega, akaunusa kwanza, kisha akala.

Ndugu msikilizaji, wewe uliye fundi wa jambo lolote, iwe kuoka, kushona, kuendesha mtumbwi au kufunga mzigo melini, mtazame anayekusaidia. Kabla hujamkaripia kwa kuharibu kitu, jiulize kama uliwahi kumwambia kinavyotunzwa. Na usiku wa leo ukipita jikoni kwako, itazame ile kawa, ule ungo, kile kikapu kilichofunikwa na nailoni nyuma ya mlango. Kitoe, ukining'inize penye hewa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.